Tezo na Kalamu

Katika vyumba vya masomo ya juu husemwa mara kwa mara ya kwamba Kiswahili ni tajiri wa mashairi na maskini wa ufundi. Husemwa kwa sauti ya upole, kama watu wasemavyo habari za ugonjwa wa jamaa yao, na upole huo ndio unaoifanya kauli hii ipite bila kuulizwa ushahidi. Mwanafunzi huisikia mwaka wa kwanza, huinakili mwaka wa pili, na mwaka wa tatu huwafundisha wenziwe. Halafu huketi mezani, hufungua kitabu cha Kiingereza, huokota neno, hulitia irabu mwishoni, na kudhani amekwisha kuitajirisha lugha ya mama yake.

Kauli hiyo si kweli. Ingalikuwa kweli, pwani yote ya kaskazini, toka Jasini na Moa mpaka Pangani, isingalikuwa na chombo hata kimoja majini. Maana hapana mafundi wawili wawezao kujenga chombo pamoja kwa kuonyeshana vidole tu. Palipo na kazi ya mikono iliyorithiwa baba kwa mwana, pana maneno ya kazi hiyo. Asiyeyasikia na ayaulize masikio yake kabla ya kuilaumu lugha.

Mtu awezaye kuikanusha kauli hiyo hajaalikwa katika mjadala. Yuko Kigombe, au Mwarongo, au Mwambani, uani kwa nyumba yake, chini ya kivuli cha mti au cha makuti yaliyolazwa juu ya nguzo nne. Hana karakana yenye mlango wala kibao cha jina. Ana shoka, tezo, patasi, msumeno, keekee na kamba. Na mbele yake limelala gogo la mwembe, ambalo Mungu akijalia litakuwa ngalawa.

Kazi yake huanza kabla shoka halijagusa mti. Huuzunguka mwembe ungali umesimama, akitafuta shina lililonyooka, nene la kutosha, lisilo na uwazi moyoni. Kwani mwembe mzee huweza kuwa mzima kwa nje na kuoza kwa ndani. Mti ukishaanguka, gogo hupunguzwa kwanza palepale lilipolala ili lipate kuvutwa. Likifika uani huchongwa umbo la nje, kisha hukombwa ndani mpaka upatikane unene ambao macho peke yake hayawezi kuupima. Ubavu mmoja ukiwa mzito kuliko wa pili, chombo kitainama maisha yake yote; ukiwa mwembamba kupita kiasi, mwamba wa kwanza utautoboa. Fundi hupapasa kwa viganja, hugonga, husikiliza, huchonga tena kidogo, husikiliza tena. Mwenye kuiita kazi hiyo kubahatisha na ajaribu kubahatisha mara moja, kisha apande chombo chake mwenyewe wakati wa kusi.

Na kila hatua ina maneno yake. Jahazi lina mkuku na mataruma. Ngalawa haina, kwa kuwa mwili wake ni gogo moja. Lakini ina omo na tezi, ina ngama yakusanyikapo maji, ina mlingoti na foromali, na tanga lake lina goshi na demani. Majina haya hayakuwekwa kwa ajili ya pambo. Baharini, upepo ukigeuka ghafula, hapana nafasi ya kusema, ishike ile kamba iliyo upande ule. Kamba lazima iwe na jina, jina liwe fupi, na mwenye kulisikia alifahamu kabla halijakwisha kutamkwa. Istilahi ambayo chuo huitafuta kwa mikutano ya siku tatu, wavuvi waliipata zamani kwa kuogopa kuzama.

Hoja iliyo na nguvu kuliko zote, hata hivyo, haimo ndani ya ngalawa bali imo nje yake, katika ubao unaokwenda sambamba nayo juu ya maji. Ngalawa ni nyembamba mno. Chombo chenye urefu wa futi 18 huweza kuwa na upana usiozidi futi 2, na kikiachwa peke yake, na tanga limetwekwa juu yake, kitapinduka kabla hakijaiacha pwani. Kwa hiyo fundi hulaza miti miwili ya kukingama, na kwenye ncha za miti hiyo, kila upande, hufunga ubao mrefu. Wengine huuita rengu, wengine mrengu. Na wengine huyaita mategemeo hayo yote matengo. Tofauti hizo za vijiji zenyewe ni mali ya kuchunguzwa, wala si uchafu wa kufagiliwa. Viungo vya miti hiyo hufungwa kwa kamba, kwa kuwa kiungo kigumu huvunjika mahali ambapo kiungo kinachocheza hupona.

Wataalamu wengi wa vyombo hudhani ya kwamba asili ya ngalawa ni visiwa vya Indonesia. Huko, tegemeo la namna hiyo aghalabu ni mti wa mviringo au mwanzi, nao hukishika chombo kwa wepesi wake wa kuelea. Rengu la pwani hii ni ubao bapa, uliochongwa ncha na kuinamishwa. Upepo ukikilaza chombo upande wa demani nacho kinakwenda mbio, ubao huo hauelei tu. Huyakandamiza maji, nayo maji huuinua. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo unavyozidi kubeba. Hiyo ni elimu ya maji na mwendo iliyo timamu. Mhandisi huieleza kwa hesabu, na fundi huieleza kwa tezo. Na kama ngalawa haikupinduka, hesabu ya fundi ilikuwa sahihi.

Ubao mrefu, mwembamba, wenye ncha iliyoinuliwa, umbebao mtu kwa nguvu ya mwendo: msomaji aliyepata kuishi Ulaya ya kaskazini wakati wa baridi atakuwa amekwisha kukumbuka kitu kingine. Watu wa Norway huvaa miguuni mbao mbili za namna hiyo na kuteleza juu ya theluji. Ubao huo kwa lugha yao huitwa ski, neno la kale lililokuwa na maana ya kipande cha mti uliopasuliwa. Katika jimbo la Telemark, kijiji cha Morgedal, alizaliwa mwaka 1825 mtu jina lake Sondre Norheim, mkulima asiye na mali. Hakuwa na kiwanda. Alizichonga mbao zake nyumbani, akazipunguza kiuno katikati ili zigeuke kwa wepesi, akabuni namna ya kuukaza mguu kisiginoni, na mwaka 1868 akateleza mbele ya watu wa mji mkuu wakastaajabu. Watu wa kwao walikuwa na neno la njia ya kushukia mtelemkoni, nalo ni slalåm. Leo neno hilo la wanakijiji, slalom, limo katika kamusi za Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Karibu miaka 100 baada ya Norheim kuwastaajabisha watu, mwaka 1965, Sherman Poppen wa Muskegon, Marekani, aliunganisha mbao mbili za ski nyumbani kwake apate mchezo wa binti zake. Na katika uzao wa mchezo huo umo ubao mmoja wa theluji ambao mataifa huushindania katika Olimpiki tangu 1998.

Norheim alihamia Marekani akafa huko mwaka 1897 bila utajiri. Yamkini katika maisha yake wako waliomdharau. Lakini watu wa nchi yake hawakusema ya kwamba Kinorway hakina maneno ya ufundi kwa sababu fundi wao hakusoma chuoni. Waliyachukua maneno ya uani wakayatia vitabuni, na walimwengu walipotaka kitu kile walilazimika kukichukua pamoja na jina lake. Tofauti ya Morgedal na Kigombe haiko katika tezo. Iko katika kalamu.

Msomaji na azitazame kalamu zilizoandika habari za vyombo vya pwani hii. James Hornell, Mwingereza, aliandika juu ya ngalawa kwa Kiingereza. A. H. J. Prins, Mholanzi, alifanya vivyo hivyo, na kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu kilitoka mwaka 1965. Charles Sacleux, padri Mfaransa, aliyatia maneno mengi ya mabaharia katika kamusi yake iliyochapwa Paris toka 1939 hata 1941, na maelezo yake ni ya Kifaransa. Watu hawa wastahili shukrani. Walitembea kwa miguu yao, wakauliza, wakaandika. Lawama ni ya mwana wa pwani mwenye shahada ambaye akitaka kujua babu yake aliitaje sehemu ya chombo, hana budi kufungua kamusi ya Paris, ilhali mjukuu wa fundi yu hai na yuko mwendo wa saa moja tu toka mlangoni kwake.

Kisha msomi huyohuyo hualikwa kuwa mtunga istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwako tangu 1967, na kazi ya kuisanifu lugha ni kazi ya heshima. Lakini baraza lolote huweza kuyapima tu maneno liliyoletewa. Viwanda vya ulimwengu leo hutengeneza mashua zenye mbawa chini ya maji, ambazo huziinua mashua zikienda mbio. Mfasiri akifika hapo husita, hukuna kichwa, kisha huandika neno la Kiingereza. Na rengu, ambalo ndilo wazo hilohilo katika mti, limeegemezwa ukutani likikauka. Chongoleani, kando ya ghuba ya Tanga, ndiko mwisho wa bomba la mafuta litokalo Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443. Vijana wa mahali pale watataka maneno ya kuunga, ya kuziba, ya kupima unene, ya kujua chuma kizima na chuma kilichooza ndani. Baba zao wanayo. Wanajua kukalafati ni nini, na kwa nini maungio yasiyokalafatiwa huwa adui wa chombo. Je, yuko mtu aliyewauliza?

Yapo majibu ambayo watetezi wa uzembe huu huyatoa, na haifai kuyapita kimya.

Jibu la kwanza ni kwamba ngalawa ni chombo cha maskini, na dunia imekwenda mbele kwa merikebu kubwa. Mwaka 1498, mwezi wa Aprili, merikebu kubwa ilikuja. Ilikuwa São Rafael, ya msafara wa Vasco da Gama, nayo ilikwama juu ya mafungu ya Mtangata, karibu na Tongoni. Habari zilizoandikwa na mtu wa msafara huohuo zasema ya kwamba walipokuwa wamekwama, vyombo viwili vidogo vilitoka pwani vikawaletea machungwa, mazuri kuliko ya Ureno. Mwezi wa Januari 1499, katika kurudi, waliichoma moto São Rafael katika maji yale yale, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Haya hayasemwi kwa kuusimanga msiba wa wageni. Mabaharia wale walikuwa hodari, na njia waliyoipita ilikuwa ndefu. Yasemwa kwa sababu ya somo lililomo. Chombo kilichoizunguka Afrika kilishindwa na mafungu ambayo vyombo vya kuchonga uani viliyapita kwenda kuuza machungwa. Ubora wa chombo hupimwa kwa maji yake, wala haupimwi kwa ukubwa wa kiwanda kilikotoka.

Jibu la pili lina kweli ndani yake. Miembe mikubwa iliyonyooka haipatikani kwa wepesi kama zamani, mti huchukua miaka mingi kukua, na boti za faiba hazingoji mti ukue. Hapana mtu mwenye akili atakayewataka wavuvi waendelee kukata miembe ili wanachuo wapate kitu cha kuandika. Lakini hoja hii huutetea mti, haiutetei ujinga. Fundi mwenyewe hakuwa mtumwa wa vitu vya kale. Kamba za nazi na mkonge ziliponyang'anywa soko na nailoni, aliishika nailoni. Mafundi wa Lamu walionyesha jambo hili waziwazi kwa dau liitwalo Flipflopi, walilolijenga kwa taka za plastiki, na mwaka 2019 likasafiri toka Lamu mpaka Unguja. Mbao zilikuwa ngeni, maarifa yalikuwa ya jahazi. Kama maarifa yangalikufa pamoja na mbao, plastiki ile ingalibaki taka.

Jibu la tatu ni kwamba lugha hai huachia maneno yake yafe, kama mti uachiavyo majani makavu. Wanaosema hivyo na waukumbuke mtepe. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, chataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Na mtepe, uliofungwa mbao kwa mbao kwa kamba bila ya misumari, ulidumu mpaka karne ya 20 kisha ukakoma. Mwaka 2003 ulipotakiwa kujengwa mmoja wa mfano kwa ajili ya makumbusho ya Beit al Ajaib, Unguja, mafundi hawakuwa na mtepe hata mmoja wa kuutazama, wala mzee aliyeushona wa kumwuliza. Jani kavu huanguka kwa kuwa jipya liko tayari kuchipua. Neno la mtepe halikuanguka hivyo. Liling'olewa na mzizi wake, na watu wa karne nyingine wakalazimika kulipapasa gizani.

Jibu la nne hutolewa na watafiti waliochoka: fundi hawezi kueleza ajuayo. Hufika asubuhi na karatasi ya maswali 40, huondoka adhuhuri na majibu 12, huandika kwamba mtoa habari hakuwa na ufahamu wa kutosha. Ni nani asiyekuwa na ufahamu hapo? Fundi hajibu karatasi, hujibu kazi. Mwenye kutaka kujua tezo hushikwaje na aishike mpaka kiganja kitoke malengelenge. Jina la kila kosa atakalolifanya atalipata bila ya kuliuliza, na pengine kwa sauti kubwa.

Tena wako maadui wapole zaidi ya hao wote, nao ni wasifu. Hawa huipenda ngalawa ikiwa picha. Hutaka itundikwe ukutani hotelini, iimbwe katika sherehe, iitwe urithi. Nao wageni hulipa fedha nyingi kushindana kwa ngalawa katika bahari hii, wakarudi kwao wakisimulia. Wageni hao hawana kosa. Wao angalau wameketi ndani yake wakalowa. Kosa ni la msomi anayemwita fundi shujaa wa utamaduni siku ya sherehe, na kumwita asiye na elimu siku ya kuandika mtaala.

Gharama ya dharau hii hailipwi chuoni. Hulipwa uani. Kijana wa Kigombe humwona baba yake akikomba gogo siku nyingi, kisha humwona mwalimu akipita bila ya kugeuza shingo. Hujifunza jambo moja kwa hayo mawili, na siku ya kuchagua kazi huchagua pikipiki. Pikipiki si haramu, na njaa haina subira. Lakini fundi akikosa mwana wa kumpokea, hupotea pamoja naye unene usiopimwa kwa macho, mwinamo wa rengu, na maneno yote yaliyotajwa katika kurasa hizi pamoja na mengine mengi ambayo hayajaandikwa popote. Kamusi haitalia, kwa kuwa haitajua imefiwa.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Idara za Kiswahili na ziwapeleke wanafunzi pwani kwa msimu mzima, wala si kwa siku mbili. Wakachukue tezo pamoja na daftari. Fundi na alipwe kama mwalimu, kwa kuwa anafundisha, na jina lake, akiridhia, liandikwe juu ya kazi kama liandikwavyo la profesa. Maelezo na yaandikwe kwa Kiswahili, kisha yasomwe mbele ya fundi kabla ya kupigwa chapa. Naye akicheka, yaandikwe upya. Na istilahi yoyote ya chombo, ya mbao, ya kuunga au ya kuziba isipitishwe mpaka iandikwe kando yake ni fundi gani aliyeulizwa na alijibu nini. Kama hapana aliyeulizwa, hiyo si istilahi bado. Ni dhana ya mezani.

Machui, kusini ya mji wa Tanga, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu; miaka mingi alikuwa mtumishi wa forodha, kazi ya mahali vyombo vifikapo. Chuo leo humsoma, humfasiri, humpa shahada kila amchambuaye, na ni haki yake. Lakini heshima hiyo itakuwa pungufu ikiwa wamsomao watapita katika njia za kwao wakiziba masikio wasisikie Kiswahili kinachosemwa kando ya gogo. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao huo umekwisha kuchakaa pembeni, na mafundi wanaoweza kuushona wanapungua. Kwa hiyo safari ya kwenda Kigombe haifai kungoja mkutano mwingine.